Kreti Mlangoni kwa Mzee Thoya

Jumamosi, tarehe 16 Agosti 2025. Mtongwe iliamka kwa manyunyu mepesi, yale ya kusi yanayolowesha leso kambani bila kumpa mtu sababu ya kuianua. Hata jua lilipopaswa kuwa juu, wingu lilikuwa bado limelalia mapaa ya mabati, na baridi ilikuwa ile inayowafanya watu wa pwani kutafuta sweta na watu wa bara kuwacheka.

Jumwa binti Thoya aliiamkia siku hiyo magotini. Hakuwa na maneno mengi kwa Mungu wake.

"Bwana," alisema, uso ameuzamisha kwenye godoro, "kinywa ulinipa, nami nimekikalia. Leo kifungue, hata kama kitaniponza."

Akasema amina, akajifunga leso, akaenda jikoni ambako mahamri yalikuwa yamekwisha kuumuka. Shangazi yake, Nyamvula, alikuwa ameshatangulia. Nyamvula ndiye aliyemlea tangu mamake alipofariki, na hakuwa mtu wa kufunikia jambo kawa.

"Macho yamekuvimba. Unataka wageni waseme tumekupiga?"

"Ni moshi, shangazi."

"Moshi wa gesi?"

Jumwa akacheka bila kutaka. Akatia hamri la kwanza katika mafuta, akalitazama linavyojaa upepo.

"Watakuja kweli?"

"Kuja si kazi, mwanangu. Kazi ni kreti yao kufunguliwa."

Hapo ndipo palipokuwa na mambo. Zamani, katika ukoo wao, watu wa mwanamume walikuja na kibuyu cha mnazi. Kibuyu kiliwekwa mlangoni, binti akaitwa, akaulizwa mbele ya wote: je, tunywe? Akijibu ndiyo, mazungumzo ya ndoa huanza. Mzee Thoya, aliyekuwa mzee wa kanisa, aliutoa mnazi akaweka soda, lakini mengine yote aliyaacha kama alivyoyakuta. Kreti isiyofunguliwa ilikuwa neno tosha: rudini mlikotoka.

Na usiku uliopita, baada ya sala ya nyumbani, mzee alikuwa ametangaza. "Wale watu tutawakaribisha, kwa sababu Maandiko yanataka mgeni akaribishwe. Lakini kreti yao itarudi kama ilivyokuja. Na Jumwa hataulizwa."

Hakuna aliyemwuliza sababu. Sababu waliijua wote. Walichokijua kilikuwa nusu tu, na nusu ya pili ilikuwa kifuani mwa Jumwa, ikimchoma kama kaa.

Jumwa alikuwa karani wa shule ndogo ya kanisa. Masomo yake mwenyewe yalikatika kidato cha pili, mwaka ule wa msiba wa mamake, na alipokuwa mtu mzima akajikaza akaanza masomo ya jioni pale Likoni. Aliketi dawati moja na wanaume wa bodaboda na wanawake wenye wajukuu. Mwalimu wao wa hesabu alivuka feri kutoka Changamwe kuja kuwafundisha, na asubuhi alifundisha shule ile ile alikokuwa karani Jumwa. Jina lake Bramwel. Kijana mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini, ambaye husahihisha kwa penseli.

"Kwa nini penseli, mwalimu?" Jumwa alimwuliza jioni moja. "Wenzako hutumia kalamu nyekundu."

"Kwa sababu kosa lako ni la leo tu."

Moyo wa Jumwa ulinasa hapo, na haukunasuka tena.

Bramwel ndiye aliyemfundisha kutumia programu ya akili unde. Alimwekea kwenye simu akamwambia, "Iulize lile unaloona haya kuniuliza mimi. Haichoki wala haicheki."

"Na wewe unacheka?"

"Mimi huchoka tu."

Kutoka hapo programu ikaingia ofisini. Ikamsaidia Jumwa kupanga ratiba, kuandika kumbukumbu za mikutano, kutunga barua za wazazi ambazo zamani zilimla siku nzima. Likizo ya Agosti ilipokaribia, Jumwa na Bramwel wakapata wazo. Watoto waliobaki nyuma katika kusoma wangekuja kila asubuhi ukumbini mwa kanisa, bure. Programu ingemtungia kila mmoja hadithi ya kiwango chake: kaa aliyekosa feri, mbuzi aliyekula daftari la hesabu. Mtoto angesoma kwa sauti, na simu ingemsikiliza na kumrekebisha. Mwalimu mkuu akawaombea na kuwaruhusu.

Kabla ya kufungua, Jumwa aliipa programu majina ya watoto na maoni ya walimu wao, akaiomba imwandikie kila mzazi ujumbe wake. Alisoma zile za mwanzo. Zilikuwa na upole kiasi kwamba macho yalimlowa. Zilizobaki hakuzisoma. Alibonyeza, zikaenda.

Miongoni mwa majina hayo lilikuwemo la Kenga, mtoto wa kaka yake Charo. Kenga alikuwa amefariki mwezi wa Machi, kwa homa ya siku chache.

Hakulisahau jina lile. Alikuwa ameliacha makusudi kwenye orodha ya shule, bila kulifuta. Kwa kina Thoya, jina la marehemu haliguswi mpaka hanga ivu ipite, yale matanga ya pili yanayofunga msiba, na hanga ivu ya Kenga ilipangiwa Disemba. Walimu wote walijua. Wakilifikia jina, macho yao huliruka. Mashine haikuwa na macho ya kuruka.

Ujumbe ulimfikia mama mtu akiwa sokoni. *Mzazi mpendwa, Kenga hupenda sana kujumlisha kwa visoda vya chupa. Jumatatu tunamsubiri kwa furaha. Tafadhali mkumbushe asisahau visoda vyake.*

Charo alikuja shuleni siku hiyo hiyo, simu ya mkewe mkononi. Jumwa alifungua kinywa. Kabla hajatoa neno, Bramwel alikuwa ameshasimama.

"Ni mimi, kaka. Niliutuma mimi."

Charo alimpiga kofi moja. Bramwel hakujikinga. Baadaye, nyuma ya stoo ya vitabu, Jumwa alimwuliza kwa machozi kwa nini amefanya vile.

"Yule ni kaka yako," alijibu. "Mtakutana katika kila harusi na kila matanga mpaka mzeeke. Mimi nitavuka feri tu."

Tangu siku ile Jumwa alinyamaza. Na kimya chake ndicho kilichokuwa kimemtia Bramwel hatiani mbele ya baba yake.

*

Wageni walibisha hodi manyunyu yalipokatika. Mbele alikuwa Mzee Dishon, ndugu wa marehemu baba yake Bramwel, aliyevaa koti lenye mabega makubwa. Nyuma yake Mama Agneta, mamake Bramwel, muuza mitumba wa Changamwe, leso mpya imefungwa kwa namna iliyoonyesha ameinunua juzi kwa ajili ya wenyeji. Mwisho Bramwel mwenyewe, amebeba kreti ya soda kifuani.

Jumwa aliwaona kupitia ufa wa pazia la jikoni. Bramwel aliinama kuweka kreti mlangoni, na alipoinuka aliangalia moja kwa moja lile pazia, kama mtu aliyejua mahali pa kuangalia. Hakutabasamu. Shavu lake halikuwa na alama ya kofi tena, lakini Jumwa aliiona.

"Shikamoo, mzee," Bramwel alisema.

"Marahaba," Mzee Thoya alijibu, kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha.

Waliketi. Charo alikuwa kwenye kiti kando ya baba yake, mikono imekunjwa. Mkewe, ambaye watu waliendelea kumwita Mama Kenga na yeye akaendelea kuitika, alikaa mkekani pembeni, miguu ameinyoosha, hamtazami mtu.

Mzee Dishon alikohoa. "Mzee Thoya, sisi tumetoka Changamwe, lakini kwetu kabisa ni mbali, ni Vihiga. Mimi nilikuwa naendesha kreni pale bandarini. Nilizoea kuinua kitu nzito polepole. Kwa hivyo nikienda polepole, msifikiri nimelala."

"Inua tu, baba," Nyamvula alisema. "Sisi hatuna haraka."

"Asante. Sasa, kijana yetu amepita hapa Mtongwe, akaona ua katika hii boma."

"Ua lenyewe lina ulimi. Amekwambia?"

"Ametuambia ni mpole sana."

"Basi hajaoa bado."

Mama Agneta alicheka akajifunika mdomo. Hata Charo alitazama chini. Kwa muda mfupi chumba kilikuwa kama chumba chochote chenye wageni wa heri, na Jumwa, nyuma ya pazia, alithubutu kuvuta pumzi. Kisha baba yake akaweka mkono juu ya goti.

"Mzee Dishon, wewe ni mtu mzima na nakuheshimu. Chai mtakunywa, mahamri mtakula. Lakini sitaki upoteze nguvu zako. Kreti ile mtarudi nayo."

"Mzee, hata hatujasema."

"Kijana wako alishasema. Alimwita mjukuu wangu darasani. Mtoto amelala kaburini, mwenzangu, na mamake akaambiwa amkumbushe asisahau visoda. Hilo si neno la mtu. Ni neno la mashine. Na mtu anayetuma mashine izungumze na wazazi, kesho atatuma mashine izungumze na mkewe."

Nje kuku alikuwa akiparura mchanga mbichi.

"Baba," Bramwel alisema, "nilikosa. Sina la kujitetea."

Mama Agneta aligeuka akamtazama mwanawe kwa makini, jinsi anavyoitazama nguo ya mitumba kutafuta ilipochanika.

"Mzee Thoya, nisamehe, mimi ni mwanamke na hii si zamu yangu," alisema. "Lakini huyu nimemzaa mimi. Huyu akikosa ya kweli, anajitetea mpaka unalala. Hata sukari akiiba alikuwa na maelezo. Nikiona amekubali haraka namna hii, mimi naanza kuuliza amembebea nani."

"Mama," Bramwel alisema kwa upole, "wacha."

"Umeona? Wacha. Hiyo wacha naijua."

Jumwa alikuwa ameshika sinia ya mahamri. Akakumbuka maneno ya asubuhi, kinywa ulinipa, nami nimekikalia, akalisukuma pazia kwa bega, akaingia.

Binti haingii kabla hajaitwa. Kila mtu chumbani alilijua hilo, hata wageni.

"Nani amekuita?" baba yake aliuliza.

"Hakuna, baba."

"Basi rudi jikoni."

"Nitarudi nikishasema."

Aliweka sinia juu ya stuli. Hakumtazama Bramwel, maana alijua akimtazama atalia, na leo hakuja kulia. Alimtazama Charo.

"Kaka, ule ujumbe niliutuma mimi."

Charo hakuelewa mara moja. "Uliutuma wewe vipi?"

"Kwa mkono wangu. Jina la Kenga nililiacha mimi orodhani, kwa sababu ya hanga ivu. Mashine niliipa majina mimi. Nilisoma za mwanzo nikaziona nzuri, nikaona uvivu kusoma zilizobaki. Bramwel hakuwepo hata ofisini. Ulipokuja alisimama mbele yangu, nami nikamwacha asimame."

"Wewe," Charo alisema.

"Mimi."

"Jumapili tulipotoka kanisani nilikuja hapa. Ukanipakulia pilau."

"Ndiyo."

"Ukanitazama nikila."

"Nilikutazama, kaka. Na sikuweza kula mimi."

Mzee Thoya alikuwa ameinuka nusu, kiti kimelia chini yake.

"Kwa hiyo mlifanya mawili," alisema polepole. "Kosa, halafu na uongo juu ya kosa."

"Uongo ni wangu, baba," Bramwel alisema.

"Nyamaza, Bramwel." Jumwa alimgeukia kwa mara ya kwanza, na macho yao yakakutana. Sauti yake haikulegea. "Ulinibebea, na nakushukuru. Lakini hukuniuliza. Ulinifunga mdomo kwa wema wako, nikawa siwezi hata kuomba msamaha kwa kaka yangu. Kama wanipenda, usinibebee tena bila kuniuliza."

Bramwel aliinamisha kichwa. "Sitarudia."

"Eeh," Nyamvula alinong'ona kwa Mama Agneta. "Si nilikwambia lina ulimi."

"Baba," Jumwa aliendelea, "umesema ni neno la mashine. Si kweli. Mashine haikumjua Kenga. Mimi nilimjua, nilimwogesha mimi akiwa mchanga. Kukumbuka ilikuwa kazi yangu, nami nikaiachia kitu kisichokumbuka. Hilo ni kosa langu, nitaliungama hata mbele ya kanisa. Lakini sitasema tulichokifanya na Bramwel ukumbini ni kibaya. Mtoto wa jirani yako hapo, yule uliyesema hatasoma maisha yake, juzi alisoma ukurasa mzima. Alipomaliza aliomba asome tena. Hilo nalo ni neno la mashine?"

"Usinihubirie nyumbani kwangu."

"Sihubiri. Najibu."

"Jumwa."

"Abee, baba."

"Umekuwa na kiburi."

"Nimekuwa na hofu, baba. Leo nimechoka nayo."

Mkekani, Mama Kenga alivuta miguu yake. Alikuwa hajasema neno tangu aingie, na aliposema sasa, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza bei ya mchicha.

"Huyu kijana alikuja kwangu," alisema.

Charo aligeuka. "Nani?"

"Huyu. Ulikuwa zamu. Alikuja mikono mitupu, akaketi kizingitini kwa sababu sikumkaribisha ndani. Nikamtukana. Nikamtukania mama yake, samahani, mama."

"Hakuna shida," Mama Agneta alisema.

"Nikatukana mpaka nikachoka. Nilipochoka akaniuliza Kenga alikuwa akijumlisha vipi. Kama alikuwa akivipanga mstari au akivirundika." Aliivuta leso magotini. "Tangu Machi, kila mtu ananiuliza Kenga alikufaje. Homa ilianza lini, nilimpeleka wapi, kwa nini sikuwahi. Huyu peke yake aliniuliza Kenga alikuwa akifanya nini alipokuwa hai. Nikaingia ndani nikaleta kopo lake la visoda. Nikamwonyesha. Alivirundika, vitano vitano."

"Hukuniambia," Charo alisema.

"Ungemfuata umpige tena. Na Jumatatu iliyofuata nilimpa mdogo wake lile kopo, nikampeleka ukumbini."

Jumwa alikuwa amemwona mtoto yule na kopo lake, ameketi karibu na meza ya Bramwel, na hakuthubutu kuuliza. Alidhani mama mtu hajui.

"Mwanangu yuko katika lile darasa?" Charo aliuliza.

"Yuko. Anasoma neno 'kivuko' bila kusaidiwa. Ungekuwa nyumbani mchana ungemsikia."

Charo alisimama. Bramwel naye alisimama, mikono pembeni, kama mtu aliye tayari kupokea kofi la pili. Charo alimpita bila kumgusa. Kreti ilikuwa katikati ya mlango. Aliinua mguu, akairuka, akatoka akasimama uani akiwapa mgongo.

"Hakuipiga teke," Nyamvula alisema, kama anayejisemea.

Mzee Thoya alikaa chini tena. Alionekana amechoka, na kwa kitambo Jumwa alitamani kwenda kumshika bega. Lakini mzee alipozungumza, sauti ilikuwa ile ile.

"Nimesikia ya Mama Kenga. Namheshimu, msiba ni wake. Lakini nyumba hii ina matanga ambayo hayajaiva, na mimi sitacheka na kreti ya harusi mbele ya kaburi bichi. Mzee Dishon, beba soda yako. Baada ya Disemba nitafikiri. Nikifikiri nikiona hapana, itakuwa hapana."

"Mzee, hata kreni huteremsha mzigo ikishaambiwa pa kuuweka," Dishon alisema. "Tuambie basi pa kuuweka."

"Nimekwisha kukwambia. Nyumbani kwako."

"Kaka," Nyamvula alisema, na safari hii hapakuwa na mzaha, "kufikiri ni kwako. Lakini kuulizwa ni kwa binti. Mama yetu aliulizwa. Mimi niliulizwa, nikakataa wa kwanza, na baba hakunipiga. Usimrudishe mtu na kinywaji chake kabla binti hajaulizwa."

"Hataulizwa."

Jumwa alitazama kreti. Alitazama mgongo wa kaka yake nje, na mvuke wa mvua ukipanda kutoka kwenye mchanga. Akamtazama Bramwel, na Bramwel alitikisa kichwa polepole, kama anayesema usijiponze kwa ajili yangu. Ni kule kutikisa kichwa kulikomwamulia.

"Basi atajibu bila kuulizwa," alisema.

Alikwenda mlangoni, akainama, akachomoa chupa. Hapakuwa na kifungulio karibu, wala hakukitafuta. Aliitia menoni kama walivyokuwa wakifanya yeye na Charo utotoni, akakaza taya, kisoda kikalia *tak* kikaruka. Kilibingirika sakafuni, kikazunguka, kikaja kulala kando ya mkeka.

"Yesu wangu," Mama Agneta alisema taratibu. "Huyu ni mtu wetu."

Jumwa alikunywa. Hakuonja tu, alikunywa mpaka gesi ikamtoa machozi, na nusu ya chupa ikaisha. Halafu akaibeba ile nusu iliyobaki kwa mikono yote miwili, akapiga goti, akaiweka juu ya stuli mbele ya baba yake.

Mzee Thoya aliitazama ile chupa. Hakuishika. Lakini pia hakuisukuma.

Mkekani, Mama Kenga alinyoosha mkono akakiokota kile kisoda. Alikifuta kwa kidole gumba, akakifunga kwenye pindo la leso yake, akakaza fundo.

Jumwa aliinuka. Alisimama wima katikati ya chumba, mahali ambapo kila mtu angemwona.

"Shangazi, uko?"

"Niko, mwanangu. Nasikia."

"Mzee Dishon. Mama Agneta."

"Tuko, mama. Sema."

"Wifi."

Mama Kenga aliinua macho. "Niko."

"Kaka Charo. Huko nje wanisikia?"

Kuku alipita. Kisha sauti ya Charo, nzito, bado amegeukia upande wa pili: "Nasikia."

"Mimi, Jumwa binti Thoya, nasema mbele ya Mungu na mbele yenu," alisema. "Nitakaa katika nyumba hii mpaka hanga ivu ya Kenga ipite. Nitampikia baba yangu, nitavaa msiba wa mtoto wetu, na jina lake shuleni nitalifuta mimi mwenyewe siku hiyo, si kabla. Jumatatu nitaufungua ukumbi kama kawaida, na hakuna neno litakalotoka mikononi mwangu kwenda kwa mama wa mtu kabla sijalisoma lote. Na hanga ivu ikishapita, nitatoka kwa mlango huu, mchana, watu wakiniona, kwenda kuolewa na Bramwel. Baba, ukinishika mkono siku hiyo, nitafurahi kuliko siku zote nilizoishi. Na usiponishika, nitatoka vilevile."